Daktari aliyekiri kuwa kifaa chake kimeshindwa: maisha ya John Charnley

Mama, au mlezi unayesoma ukurasa huu, pengine una kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, au kitanzi. Pengine mtoto wako aliwekewa mpira wa kupunguza maji kichwani. Pengine bibi unayemtunza alivunjika nyonga akawekewa chuma. Vyote hivi ni vifaa tiba vinavyokaa ndani ya mwili, na mara nyingi akina mama huniuliza kliniki kama kweli ni salama.

Kwa kifupi, vingi ni salama na vimesaidia mamilioni ya watu. Lakini ningependa ujue pia usalama huo unatoka wapi. Hauji kwa sababu daktari ni maarufu au kwa sababu kifaa kinang'aa. Njia nzuri ya kulielewa jambo hili ni kumfahamu daktari mmoja wa Uingereza, John Charnley, aliyefariki mwaka 1982. Ndiye aliyefanya nyonga bandia iwe tiba ya kutegemewa duniani. Kabla ya kufika hapo aliwaumiza wagonjwa wapatao mia tatu, na yale aliyoyafanya baada ya kugundua kosa lake ndiyo yanayotusaidia hadi leo.

Mtoto wa mwenye duka la dawa na muuguzi

John Charnley alizaliwa tarehe 29 Agosti 1911 katika mji wa Bury, kaskazini mwa Uingereza, karibu na Manchester. Lilikuwa eneo la viwanda vya nguo, na baadaye utaona jinsi viwanda hivyo vilivyokuja kumsaidia. Baba yake alikuwa na duka la dawa. Mama yake alikuwa amesomea uuguzi.

Alisoma udaktari Manchester na kuhitimu mwaka 1935. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 25 tu, alifaulu mitihani mikubwa ya upasuaji. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza aliingia kikosi cha madaktari wa jeshi. Mwaka 1940 alikuwa Dunkirk, Ufaransa, wakati askari wa Uingereza wanaokolewa kwa meli na mashua. Baadaye alipelekwa Kairo, Misri, na huko alifanya kazi bega kwa bega na mafundi wa karakana waliotengeneza vifaa vya kushikilia mifupa iliyovunjika. Tangu hapo hakuacha kupenda karakana. Alikuwa daktari aliyejua kutumia msasa na tupa kama fundi.

Baada ya vita alirudi Manchester. Alikuwa mtu wa kutaka kuhakikisha jambo kwa macho yake, hata likimgharimu. Alipotaka kujua mfupa unavyopona, alimwomba mwenzake ampandikize kipande cha mfupa kwenye mguu wake mwenyewe. Kidonda kikaingia vijidudu, mfupa ukaoza, akateseka kwa muda. Tunalitaja hilo kwa sababu tabia hiyo ilijirudia baadaye, kwa jambo kubwa zaidi.

Nyonga iliyokuwa inalia

Nyonga ni kiungo kinachounganisha paja na kiwiliwili. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira, nacho hukaa ndani ya shimo linalofanana na kikombe. Kati yao kuna gegedu, ule utando laini unaoteleza. Gegedu likisagika, mfupa husuguana na mfupa. Mgonjwa hawezi kulala, hawezi kupanda ngazi, hawezi kuchuchumaa chooni. Kama unamtunza mzee mwenye shida hiyo, unajua jinsi anavyochoka na jinsi nawe unavyochoka.

Wakati ule madaktari walikuwa wakijaribu njia nyingi. Mojawapo ilikuwa kuondoa kichwa cha mfupa na kuweka cha plastiki. Siku moja Charnley alimwona mgonjwa aliyewekewa kichwa cha aina hiyo. Nyonga yake ilikuwa inatoa mlio kila anapoinama, kiasi kwamba mke wake alishindwa kuvumilia kuisikia.

Wengine wangecheka. Charnley alijiuliza kwa nini inalia. Akatambua kwamba mlio ni dalili ya msuguano mkubwa, na msuguano mkubwa hulegeza kifaa pale kiliposhikizwa kwenye mfupa. Akaanza kupima viungo vya asili na kukuta kwamba gegedu huteleza kuliko chuma cha kiatu cha kutelezea kwenye barafu. Kwa hiyo nyonga bandia nzuri ilipaswa kuteleza vivyo hivyo.

Alihamishia kazi yake hospitali ya Wrightington, iliyokuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kifua kikuu kilikuwa kinapungua kwa sababu ya dawa mpya, na vitanda vilikuwa vinabaki wazi. Hapo alijenga kituo cha nyonga, kikiwa na karakana na maabara yake.

Kikombe cha Teflon

Alihitaji kitu kinachoteleza. Alichagua Teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 alianza kuwawekea wagonjwa kikombe cha Teflon upande wa nyonga, na kichwa cha chuma upande wa paja. Chuma alikishikiza kwa saruji ya akriliki, malighafi iliyokuwa ikitumiwa na madaktari wa meno.

Matokeo ya mwanzo yalikuwa ya kushangaza. Watu walioingia wakichechemea walitoka wakitembea bila maumivu. Hebu fikiria furaha ya familia zao. Kama ungemuuliza mgonjwa yeyote miezi sita baada ya upasuaji, angekuambia kifaa ni kizuri na kwamba Mungu ambariki daktari.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Mwanzo mzuri haukuwa uthibitisho wa usalama. Mwaka ulipita, miwili, mitatu, na wagonjwa wakaanza kurudi wakiwa na maumivu. Kichwa cha chuma kilikuwa kimekula kikombe cha Teflon. Na balaa kubwa zaidi ilikuwa vumbi lake. Chembe ndogo ndogo za Teflon zilizosagika ziliingia kwenye nyama za mwili, mwili ukazipiga vita, na nyonga ikajaa vitu vyeupe vizito kama usaha. Vifaa vililegea na mifupa ikaharibika.

Karibu wagonjwa 300 walikuwa wamewekewa vikombe hivyo. Charnley hakuwapeleka kwa madaktari wengine wala hakuwaambia kwamba tatizo ni uzee wao. Alianza kuwafungua tena yeye mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na kutoa kile alichokiweka kwa mikono yake. Waliomfahamu wameeleza kwamba kilikuwa kipindi kigumu kuliko vyote katika kazi yake.

Tusimsifu kupita kiasi. Maumivu ya pili yalikuwa ya wagonjwa, si yake. Uingereza ya wakati ule haikuwa na sheria ya kumlazimisha apime kifaa kwa miaka kadhaa kabla ya kukiweka kwa watu wengi. Kila kitu kilitegemea busara ya daktari, na busara ya mtu mmoja, hata awe mwema kiasi gani, haitoshi kumlinda mgonjwa.

Plastiki ya mashine za kufuma nguo

Mwezi Mei 1962 mchuuzi mmoja alifika Wrightington akiwa na plastiki mpya. Ilikuwa inatumika kutengenezea gia za mashine za kufuma nguo katika viwanda vya eneo lile. Ni ya ukoo mmoja na plastiki ya madumu na ndoo, ila imetengenezwa kwa namna inayoifanya iwe ngumu kuisha. Charnley aliikwaruza kwa ukucha, akaona laini mno, akaondoka zake.

Fundi wake wa maabara hakukata tamaa. Akaifunga kwenye mashine ya kupimia usagikaji na kuiacha iende, huku bosi wake akisafiri kwenda kwenye mkutano Copenhagen. Charnley aliporudi, alikuta kwamba baada ya wiki tatu za kusuguliwa plastiki ile ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon inavyolika kwa siku moja.

Unaweza kudhani kwamba alikimbilia chumba cha upasuaji. Hakufanya hivyo mara moja. Safari hii alitaka pia kujua mwili utalipokeaje vumbi la plastiki hiyo. Alichukua chembe za Teflon na chembe za plastiki mpya, akajidunga zote mbili kwenye paja lake mwenyewe, kila moja mahali pake, kisha akasubiri. Baada ya miezi tisa, mahali penye Teflon palikuwa na uvimbe anaoweza kuushika kwa vidole. Mahali penye plastiki mpya hapakuwa na uvimbe wa kushikika. Mwaka 1963 alichapisha matokeo hayo kwenye jarida la kitabibu, pamoja na onyo kuhusu Teflon, ili madaktari wengine wasirudie kosa lake.

Mgonjwa wa kwanza aliwekewa kikombe cha plastiki mpya mwezi Novemba 1962. Kichwa cha chuma alikifanya kidogo, milimita 22 tu, ili kupunguza msuguano.

Aliyekataa kuuza haraka

Sasa alikuwa na kifaa kizuri, na madaktari wa nchi nyingi walikitaka. Angeweza kuruhusu kiuzwe kila mahali na kupata jina na fedha. Lakini alikuwa ameshaungua mara moja. Kwa miaka kadhaa aliikataza kampuni iliyokitengeneza kumuuzia daktari yeyote ambaye hakuwa amefika Wrightington kujifunza na kupata kibali chake. Baadhi ya madaktari walichukizwa, lakini hakubadili msimamo.

Aliendelea kuwaita wagonjwa wake kliniki mwaka hadi mwaka, kuwapiga picha za eksirei na kupima kwa milimita jinsi kikombe kilivyolika. Matokeo ya miaka mingi aliyachapisha mwaka 1972, takriban miaka kumi baada ya upasuaji ule wa kwanza. Pia aliwaomba wagonjwa wakubali kwamba wakifariki, nyonga zao zirudishwe kwake azichunguze. Wengi walikubali. Nadhani hilo linatuonyesha jambo kuhusu wagonjwa wenyewe. Walikuwa washirika katika kazi ya kulinda watakaokuja baada yao, na tunapomtaja yeye tuwakumbuke na wao.

Hatari nyingine ilikuwa vijidudu. Kifaa kikiingia mwilini na vijidudu, kinga ya mwili na dawa hushindwa kuvimaliza, na mara nyingi kifaa hulazimika kutolewa. Mwanzoni wagonjwa kati ya saba na tisa katika kila mia walipata maambukizi. Charnley alijenga chumba kidogo ndani ya chumba cha upasuaji, chenye hewa iliyochujwa. Yeye na wasaidizi wake walivaa mavazi ya kufunika mwili mzima, yenye bomba la kunyonya hewa wanayopumua. Hatua kwa hatua maambukizi yalishuka hadi karibu mgonjwa mmoja kwa mia, na baadaye chini ya hapo.

Alipewa heshima nyingi. Mwaka 1974 alipata Tuzo ya Lasker nchini Marekani, mwaka 1975 akaingizwa katika Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi wa Uingereza, na mwaka 1977 Malkia akampa cheo cha Sir. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 5 Agosti 1982, akiwa na miaka 70, akiacha mke na watoto wawili.

Busara ya mtu mmoja ikageuzwa kuwa sheria

Yale Charnley aliyofanya kwa hiari, leo nchi nyingi zimeyaweka kwenye sheria na taratibu. Msukumo ulitoka kwa watu walioumia, na wengi wao walikuwa wanawake.

Marekani, kati ya mwaka 1971 na 1974, kiliuzwa kitanzi kimoja cha uzazi wa mpango ambacho uzi wake ulikuwa na nyuzi nyingi ndani yake. Uzi huo ulipandisha vijidudu hadi kwenye mji wa mimba, kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Wanawake wengi waliugua, wengine walipoteza uwezo wa kuzaa na wengine walifariki. Mwaka 1976 Marekani ilitunga sheria ya kudhibiti vifaa tiba. Usiogope kitanzi cha leo: uzi wake haujatengenezwa kwa namna ile, na kimechunguzwa kwa miongo mingi.

Sweden ilianza mwaka 1979 kuandika kila nyonga bandia inayowekwa kwenye daftari la taifa. Uingereza ilianza lake mwaka 2003. Faida yake ilionekana mwaka 2010, wakati nyonga moja ya chuma kwa chuma ilipoondolewa sokoni baada ya kuwekwa kwa watu wapatao 93,000 duniani. Vumbi la chuma lilikuwa linaharibu nyama za mwili, na wanawake waliathirika zaidi. Madaftari ya taifa ya Australia na Uingereza yalisaidia kuonyesha kwamba nyonga hiyo inafunguliwa upya kuliko nyingine. Lile kosa la vumbi la Teflon lilikuwa limerudi kwa sura nyingine, miaka karibu hamsini baadaye. Ndiyo maana ufuatiliaji haupaswi kukoma.

Hapa Tanzania kazi ya kusajili na kufuatilia vifaa tiba ni ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kenya kazi hiyo inafanywa na Bodi ya Famasia na Sumu. Lakini mamlaka haiwezi kujua shida iliyo mwilini mwako kama hakuna aliyeitoa taarifa.

Nafasi yako, mama na mlezi

Niliwahi kumpokea mama aliyekuja kutolewa vijiti. Hakuwa na kadi, hakukumbuka mwaka aliowekewa wala aina yake. Tulisaidiana tukamaliza salama, lakini ilichukua muda, na yeye alikaa na wasiwasi bure. Mambo haya yatakusaidia yasikukute hayo:

1. Kabla ya kuwekewa, uliza. Kifaa kinaitwaje? Kinakaa muda gani? Nani atakitoa? Kikileta shida niende wapi? Una haki ya kujibiwa kwa lugha unayoielewa, na kuuliza si ukosefu wa adabu.

2. Tunza kadi. Iwe na jina la kifaa, tarehe na mahali ulipowekewa. Ipige picha kwa simu, na mwonyeshe ndugu mmoja unayemwamini.

3. Jua tarehe ya mwisho. Kuna kijiti cha miaka 3 na cha miaka 5. Kitanzi cha shaba hukaa miaka 10 au zaidi. Kama huna uhakika na chako, fika kituoni ukaulize.

4. Rudi kliniki hata kama hujisikii vibaya. Kumbuka wagonjwa wa Teflon. Miezi sita ya kwanza walikuwa wazima.

5. Usidharau dalili. Kwa kifaa chochote, wahi kituo cha afya ukiona homa, usaha, uwekundu au uvimbe kwenye kovu, au maumivu yanayozidi. Kwa mzee mwenye nyonga bandia au chuma, angalia kama ameanza kuchechemea upya, mguu umefupika, au hawezi kuukanyagia. Kwa mtoto mwenye mpira wa kupunguza maji kichwani, kutapika, kusinzia kupita kawaida, utosi kujaa, kichwa kuongezeka, homa au degedege ni dharura. Usingoje asubuhi.

6. Usimruhusu mtu asiye na mafunzo akutolee kifaa nyumbani. Kuna wanaochimba kijiti kwa wembe. Unaweza kupoteza damu au kuharibu mishipa ya fahamu.

7. Shida ikitokea, mwombe mhudumu aliyekuona ajaze fomu ya taarifa ya madhara iende kwenye mamlaka. Si kumshitaki mtu. Taarifa yako ikikutana na za wengine ndipo kifaa kibovu hugundulika.

Kama umesoma hadi hapa, leo jioni itafute kadi yako. Usipoipata, nenda kituo ulichowekewa ukaombe wakuangalizie kwenye rejista na kukuandikia nyingine. Na kama una mzee au mtoto unayemtunza mwenye kifaa mwilini, mtafutie na yeye ya kwake.